Upupu, korosho, embe na minyaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu muwasho wa mimea

Maswali haya huletwa sana kwenye duka la dawa muhimu kuanzia kiangazi, upupu unapokauka maporini, hadi msimu wa korosho na wa embe. Wengi wanaokuja huwa wanaomba krimu. Ila krimu ni hatua ya pili. Kwanza inabidi kuondoa kile ambacho mmea umekiacha kwenye ngozi, na kila mmea una namna yake ya kuondolewa: kinachofaa kwa upupu hakifai kwa utomvu wa korosho. Kwa hiyo ukimleta mgonjwa, tuambie kwanza ameshika nini.

Mwanangu amerudi kutoka porini anajikuna mwili mzima. Nadhani ni upupu. Nianzie wapi?

Mshike mikono asijikune, na asiingie ndani. Tunda la upupu ni kama ganda la maharage lililojipinda, limevaa vinywele vya rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia. Likikauka, vinywele hivyo hupeperuka kwa upepo mdogo tu. Vinachoma ngozi kama sindano ndogo sana, na kila anapojikuna anavizamisha zaidi, kisha anavibeba kwa vidole hadi shingoni na machoni.

Mvue nguo polepole. Shati la kuvulia kichwani ni hatari kwa sababu linapita usoni. Kama limejaa upupu, likate kwa mkasi. Wewe mwenyewe vaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi.

Kisha chukua selotepu au plasta pana ya hospitalini. Bandika juu ya ngozi inayowasha, bonyeza kidogo, bandua. Kipande kikishatumika kitupe, chukua kingine. Ukiinua kipande hicho kwenye mwanga utaviona vinywele vimenasa, vyembamba na vinang'aa. Endelea mpaka selotepu itoke safi. Huna selotepu? Donge la ugali uliopoa linafanya kazi hiyo hiyo: ligandamize na kuliinua, usilisugue. Unga wa ngano uliokandwa ukanata nao unafaa.

Baada ya hapo ndipo maji yaingie. Mmwagie maji ya baridi mengi yanayotiririka, mpake sabuni kwa kiganja, mmwagie tena. Dodoki liweke mbali kabisa. Taulo asisuguliwe nalo, agandamizwe tu. Nguo zake ziloweke kwenye ndoo ya peke yake, zifuliwe mbali na za wengine.

Bibi yangu alikuwa anatupaka majivu. Yanasaidia?

Yanasaidia kwa kiasi, na sababu yake inaeleweka. Majivu makavu na laini hushikamana na vinywele, ukiyakung'uta yanaondoka navyo. Wanaopaka tope, wakaliacha likauke, kisha wakalibandua, wanafanya jambo lile lile. Tatizo ni wanaoyasugua. Ukisugua umerudi kulekule kwenye kujikuna. Tena majivu yakikutana na maji huwa makali kwa ngozi, kwa hiyo yasiguse mahali palipochubuka, wala yasikaribie macho. Mimi ningechagua selotepu kwanza, majivu pale ambapo hakuna kingine.

Nimempa Piriton lakini bado anawashwa. Kwa nini?

Kwa sababu muwasho wa upupu haupiti njia ya kawaida ya mzio. Ndani ya vinywele vile kuna kimeng'enya kiitwacho mukunaini, ambacho huamsha mishipa ya fahamu ya ngozi moja kwa moja. Vidonge vya mzio huzuia kemikali nyingine, histamini, ambayo kwa upupu si mhusika mkuu. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza kidonge akasinzia huku bado anajikuna.

Kinachotuliza zaidi ni ubaridi. Kipande cha kanga kuukuu kilicholowekwa kwenye maji baridi, kikamuliwe, kiwekwe juu ya ngozi dakika 15 hadi 20, kirudiwe mara kadhaa. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, ifungwe kwanza kwenye kitambaa. Vinywele vikishaondoka, muwasho hupungua ndani ya saa chache. Ukiendelea hadi kesho yake kwa nguvu ile ile, kuna vinywele vimebaki, na mara nyingi viko kwenye nguo, godoro au kiti alichokalia.

Wanafunzi wamemwaga upupu kwenye madawati. Tufanye nini darasani?

Watoeni wanafunzi wote nje kwanza. Msifagie kavu, kwa kuwa fagio hurusha vinywele hewani vikaingia puani na kooni. Lowesheni madawati na sakafu, futeni kwa matambara mabichi, matambara yatupwe, kisha osheni kwa maji ya sabuni. Anayefanya kazi hiyo avae mikono mirefu na afunike pua na mdomo. Mwenye pumu asikaribie, na akianza kukohoa au kubanwa kifua apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Walimu, tafadhali msiuchukulie mchezo huu kuwa utani wa watoto. Mtoto aliyeingiwa na upupu machoni anaumia vibaya, na akiyasugua anaweza kukwaruza kioo cha jicho.

Nabangua korosho nyumbani. Vidole vimekuwa vyeusi, ngozi inababuka na inawasha. Ni ugonjwa?

Hiyo ni kazi ya mafuta ya ganda. Kati ya ganda la nje na la ndani la korosho kuna mafuta mazito ya rangi ya kahawia iliyokolea, yaliyojaa asidi anakadi na kadoli. Yanaunguza ngozi, na kwa baadhi ya watu yanaleta mzio juu ya kuunguza. Mtwara na Lindi mikono ya aina hiyo inafahamika: ncha za vidole nyeusi tii, ngozi ngumu iliyopasuka kandokando ya kucha, na mama mwenye mikono hiyo bado anasema amezoea. Hajazoea. Kila msimu ngozi inalika upya.

Mafuta haya hayatoki kwa maji matupu. Futa kwanza kwa kitambaa kikavu au karatasi, bila kuyasambaza. Paka mafuta ya kula kidogo yalegeze yale mazito, futa tena, kisha osha kwa sabuni na maji mengi, ukisafisha na chini ya kucha. Fanya hivyo mapema iwezekanavyo, yakikaa, yanazama.

Kabla ya kazi, vaa glavu za mpira. Kama hazipatikani, paka mikono mafuta ya kula au mafuta ya nazi, uyarudie kila yanapoisha. Wengi hutumia majivu vidoleni wakati wa kubangua, nayo hunyonya mafuta ya ganda, lakini kwenye ngozi iliyokwisha kupasuka majivu yanaongeza kidonda. Na wanaokaanga korosho kwenye bati juu ya moto wakae upande ambao upepo hauwaletei moshi, kwani moshi ule una mafuta yale yale na unawasha macho, uso na kifua. Watoto wakae mbali.

Kila msimu wa embe mtoto wangu anatoka vipele kuzunguka mdomo. Aache embe?

Si lazima. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na embe lina utomvu wa jamii hiyo kwenye kikonyo na kwenye ganda. Mtoto anayeng'ata embe na ganda lake, au anayefyonza lililochumwa sasa hivi likiwa bado linatoa utomvu, ndiye anayeambulia midomo iliyovimba. Vipele huweza kuchelewa siku moja hadi tatu, hivyo mama anashindwa kuunganisha na embe la juzi.

Mchumie embe, lioshe, mmenyee wewe, umpe nyama tupu kwenye bakuli. Wengi hula hivyo bila tatizo lolote. Ila akivimba uso, akatapika au akabanwa pumzi mara tu baada ya kula, huo ni mzio wa aina nyingine, na embe liachwe mpaka aonwe na daktari.

Ndugu yangu yuko Marekani, ameguswa na mmea uitwao poison ivy. Kuna uhusiano na hizi zetu?

Uhusiano upo, tena wa damu. Poison ivy ni wa ukoo ule ule wa mkorosho na mwembe. Mafuta yake yanaitwa urushioli, nayo yanafanana na yale ya ganda la korosho kiasi kwamba mwili uliokwisha kuchukia moja unaweza kuchukia na jingine. Mtu aliyeugua poison ivy kule anaweza kushangaa akirudi likizo na kuvimba midomo kwa embe alilokuwa akila tangu utotoni.

Mwambie aoge mara moja kwa sabuni na maji mengi, asafishe kucha, afue nguo zote, afute viatu, simu na vifaa vya bustani. Urushioli hukaa kwenye chombo miezi mingi ukiwa bado mkali. Mbwa naye huubeba kwenye manyoya bila yeye kudhurika. Majani yake huota matatumatatu kwenye kikonyo kimoja, na asiyachome moto hata kidogo, kwa sababu moshi wake huumiza mapafu. Vipele vitachukua wiki moja hadi tatu kuisha.

Nilikuwa nakata ua wa minyaa, maziwa yake yameniingia jichoni.

Acha kusoma, nenda kwenye maji sasa. Jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 kwa uchache, ukifika 30 ni bora, huku umelifungua kwa vidole vilivyooshwa kwa sabuni. Kama unavaa lenzi, itoe. Halafu nenda hospitali, hata kama maumivu yamepoa, kwa kuwa mara nyingi hurudi kwa ukali baada ya saa kadhaa na uoni hufifia. Usitie maziwa ya mama, usitie maji ya chumvi ya kukadiria, usitie matone yaliyobaki ya mgonjwa mwingine.

Yakiwa kwenye ngozi, osha kwa sabuni na maji kabla hayajakauka. Maziwa ya minyaa yanaunguza zaidi ya kuwasha, na malengelenge yake yanauma. Anayekata ua huo avae miwani. Ni ombi langu kubwa, maana ua wa minyaa uko karibu kila kijiji na kazi hiyo mara nyingi hupewa vijana wadogo.

Magimbi na bamia je?

Magimbi mabichi yana fuwele ndogo zenye ncha kama sindano, za oksaleti ya kalsiamu. Menya mikono ikiwa mikavu na imepakwa mafuta ya kula, au vaa glavu, kisha pika mpaka yaive sawasawa. Gimbi bichi huwasha hadi kooni. Bamia na majani ya maboga huwasha kwa vinywele vyake tu. Kuosha kwa sabuni kunatosha.

Huku kwetu milimani kuna majani yanayochoma ukiyagusa tu. Ni upupu huo?

Wengine huyaita upupu pia, lakini ni mmea mwingine. Wakikuyu huyaita thabai, na huyachuma kwa uangalifu wakayapika. Moto huua uchomaji wake wote. Vinywele vyake hudunga histamini na kemikali nyingine papo hapo, ngozi ikatoa mabaka yaliyoinuka. Usikune. Bandika selotepu, osha kwa sabuni, weka kitambaa cha baridi. Hapa kidonge cha mzio kinasaidia zaidi kuliko kwa upupu. Mengi huisha kwa saa chache, au siku moja.

Krimu ipi ninunue?

Kwa muwasho wa kawaida, losheni ya kalamini. Ni ya bei nafuu, inakausha na kupoza, na inaweza kupakwa mara kadhaa kwa siku. Itikise chupa kwanza. Isipakwe machoni wala mdomoni.

Kwa vipele vya mzio, kama vya embe, korosho au poison ivy, haidrokotisoni ya asilimia 1 inafaa ikianza mapema: paka nyembamba mara mbili kwa siku, isizidi siku saba bila ushauri. Usoni, sehemu za siri, ngozi iliyochubuka na mtoto wa chini ya miaka miwili, uliza kwanza.

Kuna krimu mbili ninazowakataza watu kila mara. Ya kwanza ni zile za kung'arisha ngozi na mkorogo wa vichupa visivyo na maelezo. Nyingi zina steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo itatuliza muwasho leo na kuikondesha ngozi yako kwa miaka. Ya pili ni zile za tatu kwa moja, zilizochanganya steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki. Zinapendwa kwa sababu zinaonekana kutibu kila kitu. Ukweli ni kwamba zinaficha ugonjwa, na fangasi anayefichwa hivyo hurudi akiwa amesambaa.

Kama usiku hapalaliki, Piriton inaweza kumsaidia mtu mzima kupata usingizi, lakini asiendeshe bodaboda wala mashine baada ya kuinywa, na asiichanganye na pombe. Setirizini, kidonge kingine cha mzio, haisinzishi sana. Kipimo cha mtoto ni cha kuulizwa kwa mfamasia, si cha kukata kidonge kwa kukadiria.

Ndimu, mshubiri, magadi, mafuta ya taa: kipi kinafaa?

Ndimu na limau, hapana. Zinaunguza ngozi iliyochubuka, na zaidi ya hapo zina kemikali ambayo ikipigwa na jua hubabua ngozi na kuacha madoa meusi kwa wiki au miezi. Mtu ametoka na muwasho wa siku moja, anaishia na alama ya miezi.

Mshubiri unafaa, ukitumia ile nyama ya ndani inayong'aa tu. Chini ya ganda kuna utomvu wa njano na mchungu ambao nao huwasha. Simamisha jani lichuruzike, menya ganda, osha nyama, ndipo upake.

Magadi yanachanganywa sana na soda ya kuokea keki. Soda ya keki unaweza kuikoroga vijiko vitatu vya chai kwa kimoja cha maji, ukapaka kwa dakika chache na kusuuza. Magadi ni makali mno kwa ngozi, yaacheni kwenye kande.

Mafuta ya taa, petroli, dawa ya meno, mkojo na maji ya betri: hapana, yote. Maji ya moto sana nayo hukupa nafuu ya dakika mbili, halafu muwasho unarudi umeongezeka.

Anaweza kuwaambukiza wenzake? Malengelenge yakipasuka maji yake hueneza?

Hapana. Maji ya lengelenge ni ya mwili wenyewe, hayana sumu ya mmea. Kinachoeneza ni utomvu au vinywele vilivyobaki kwenye ngozi, nguo, panga, kamba, au mgongo wa mbuzi. Vipele vikitokea leo mkononi na keshokutwa tumboni si kwamba vinatembea. Ngozi nyembamba na iliyopata utomvu mwingi hutangulia, ile nene hufuata. Malengelenge msiyapasue.

Nitajuaje kama kweli ni mmea?

Mmea mara nyingi huacha mistari, pale jani lilipopita, na huanza kwenye sehemu zilizokuwa wazi. Ukiona mstari unaouma kama umeunguzwa, umetokea asubuhi na hukwenda shamba, na ni wakati wa mvua, fikiria mdudu mdogo mwekundu na mweusi ambaye Wakenya humwita Nairobi fly. Haumi, sumu yake hutoka akipondwa. Mpulize, usimpige. Muwasho unaozidi usiku, kati ya vidole na kiunoni, na wenzako wa nyumbani nao wanajikuna, huo huenda ni upele wa utitiri na una dawa yake. Wakulima wa Arusha na Kilimanjaro wenye vipele vya uso na shingo visivyoisha waangalie kama kuna gugu karoti, gugu linaloleta mzio wa ngozi, kwenye mashamba yao.

Lini niache dawa za nyumbani niende hospitali?

Nenda mara moja akibanwa pumzi, akivimba uso, midomo au ulimi, akizimia, au akivuta moshi wa mimea hii na kifua kikabana. Nenda siku hiyo hiyo kama ni jicho, sehemu za siri, au kama mtoto ametafuna mmea na mdomo umevimba. Nenda pia vipele vikienea sehemu kubwa ya mwili, vikitoa usaha, ngozi ikiwa ya moto na nyekundu, homa ikipanda, au siku saba zikipita bila nafuu. Beba kipande cha mmea kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Kinamrahisishia daktari kazi.

Upupu umejaa kando ya shamba langu. Niutoeje?

Utoe ukiwa na maua. Maua yake ni ya zambarau iliyokolea, yananing'inia kwa vichala. Wakati huo bado hauna matunda yenye vinywele vya kuwasha. Kata shina chini, ng'oa mizizi, uache mashina yaoze. Ukichelewa na matunda yamekauka, subiri mvua iyaloweshe au fanya kazi alfajiri kukiwa na umande, vaa mikono mirefu, miwani na kitambaa usoni, simama upande upepo unakotoka. Usichome matunda makavu. Rudi kukagua msimu unaofuata, maana mbegu zilizoanguka zitaota tena.